Kidonge cha Mgongo: Kutoka Gome la Mti Hadi Maduka ya Nkoma

Pamba haichumwi mtu akiwa amesimama wima. Katika kata ya Nkoma, iliyokuwa chini ya Bariadi mpaka Wilaya ya Itilima ilipoundwa na Simiyu kuwa mkoa mwaka 2012, mkulima huinama wakati wa kupanda mwishoni mwa mwaka, huinama kwenye palizi, na kuanzia Mei huinama tena akitoa nyuzi nyeupe kwenye vitumba vilivyopasuka. Baada ya siku kadhaa kiuno kinakaza, magoti yanawaka usiku, vidole vinavimba. Msimu ukiwa umepamba moto, hakuna anayekwenda hospitali kwa sababu ya kiuno. Mtoto anapewa hela na kutumwa dukani.

Anachorudi nacho mara nyingi ni vidonge vya ukoo mmoja, ingawa majina na rangi vinatofautiana: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, piroksikamu, meloksikamu, na ile indomethasini ambayo wazee wengi bado wanaiita indosidi. Zote ni dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, na zinafanya kazi kweli. Aliyeshindwa kuinuka kitandani jana, leo anashika jembe. Historia ya dawa hizi ina zaidi ya miaka 250, na ndani yake jambo moja limejirudia kila kizazi: dawa ilifika haraka kwa watu, maelezo ya hatari zake yakaachwa nyuma, wakati mwingine kwa miongo mizima.

Historia yenyewe inaanzia mashambani Uingereza. Mwaka 1763 padri Edward Stone wa Chipping Norton aliwaandikia wanasayansi wa London kuhusu gome la mti uotao kandokando ya maji, ambao jamii yake hupatikana pia kwenye kingo za mito ya Afrika. Alikuwa ameonja gome hilo, ukali wake ukamkumbusha mti wa kwinini. Alilikausha kwenye tanuri la mwokaji mikate kwa zaidi ya miezi mitatu, akalisaga, akawapa unga wake wagonjwa wa homa wapatao 50. Wengi walipata nafuu.

Kiini cha gome hilo kilitengwa mjini Munich mwaka 1828. Mwaka 1876 daktari Thomas MacLagan wa Dundee, Uskoti, alieleza jinsi alivyokitumia kwa wagonjwa wa baridi yabisi na kuona viungo vilivyovimba vikinywea. Miaka hiyohiyo viwanda vya Ujerumani vilianza kutengeneza jamaa ya kiini hicho, asidi ya salisiliki, kwa wingi na kwa bei nafuu, lakini ilikuwa chungu mno. Ilichoma koo, ilisokota tumbo, na wagonjwa waliokuwa wakiihitaji kila siku walitapika.

Tarehe 10 Agosti 1897, mkemia kijana Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer aliandika kwenye daftari lake la maabara jinsi alivyopata asidi hiyo katika umbo jipya, safi na pole zaidi. Mwaka 1899 ilipewa jina la biashara: Aspirin. Mwenzake Arthur Eichengrün, mkemia Myahudi aliyekuja kufungwa katika kambi ya Theresienstadt, aliandika mwaka 1949 kwamba kazi hiyo ilifanyika kwa maelekezo yake, na kwamba jina lake lilifutwa na Wanazi. Wanahistoria bado wanalijadili dai hilo, na yeyote anayeisimulia hadithi ya aspirini kwa haki lazima amtaje.

Wakati huo Usukuma, eneo ilimo Nkoma, ulikuwa ndani ya koloni la Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliomnyang'anya Mjerumani Afrika Mashariki ndio huohuo uliowapokonya Bayer haki ya jina la Aspirin huko Uingereza na Ufaransa. Tangu hapo kila mtengenezaji aliweza kuiuza, bei ikashuka, na kidonge cheupe kikawa mali ya dunia nzima. Kilisifiwa kuwa hakina madhara tumboni. Ilibidi ipite karibu miaka 40 tangu kizaliwe, hadi mwaka 1938, ndipo madaktari wawili wa Hospitali ya Guy's ya London, Douthwaite na Lintott, walipoingiza mrija wa kutazamia ndani ya matumbo ya wagonjwa na kuona kwa macho yao ukuta wa tumbo ukiwa mwekundu, umevimba pale aspirini ilipogusa.

Usukumani katika miaka hiyo maumivu yalikuwa na matabibu wake. Mgongo ulichuliwa, damu mbaya ikatolewa kwa kupiga chuku, mizizi ikachemshwa. Hospitali zilikuwa chache na mbali: Kolandoto, karibu na Shinyanga, iliyoanzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission mwaka 1913, ilikuwa miongoni mwa zilizojulikana sana. Kilichobadilisha hali ni pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili kilimo chake kilipanuka kwa kasi kusini mwa Ziwa Victoria, na mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima vikaungana katika Shirikisho la Victoria ambalo Paul Bomani alilijengea jina. Hela ya pamba ilivuta maduka vijijini, na pamba yenyewe ikaongeza saa za kuinama.

Ulaya nako maabara hazikulala. Mwaka 1949 ilitoka fenilibutazoni, yenye nguvu kuliko aspirini, ikaja kujulikana kwa kuua uwezo wa mifupa kutengeneza damu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifuata indomethasini. Huko Nottingham, mtaalamu wa dawa Stewart Adams wa kampuni ya Boots alitumia miaka mingi akitafuta kitu ambacho mgonjwa wa viungo angeweza kukimeza muda mrefu bila kuumia. Yeye na wenzake walijaribu mamia ya kemikali, kadhaa zikafika kwa wagonjwa na kushindwa. Ile iliyofaulu aliijaribu mwenyewe asubuhi moja akiwa Moscow, kichwa kikimgonga baada ya vinywaji vya usiku na hotuba ikimsubiri. Alimeza miligramu 600 na kichwa kikatulia. Ilikuwa ibuprofeni. Uingereza iliiruhusu mwaka 1969 kwa cheti cha daktari pekee, na ni mwaka 1983, baada ya miaka 14 ya kuitazama kwa wagonjwa, ndipo iliporuhusiwa kuuzwa bila cheti. Diklofenaki, iliyotoka kwa kampuni ya Uswisi ya Ciba-Geigy, iliingia sokoni katikati ya miaka ya 1970.

Cha kushangaza, kwa miongo mingi dawa hizi zilimezwa bila yeyote kujua zinafanyaje kazi. Jibu lilikuja mwaka 1971 kutoka kwa John Vane wa London, ugunduzi uliompa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Mwili hutengeneza vichocheo viitwavyo prostaglandini. Mahali palipoumia, vichocheo hivyo huleta uvimbe, joto na maumivu. Aspirini na ndugu zake huzuia kimeng'enya kinachovitengeneza, na maumivu hupungua.

Tatizo ni kwamba prostaglandini hazipo kwenye kiuno kilichochoka peke yake. Tumboni ndizo zinazosimamia ute unaoukinga ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali ya tumbo lenyewe. Kwenye figo hulinda mtiririko wa damu pale maji yanapopungua mwilini. Dawa iliyomezwa haijui kuchagua. Inapita kwenye damu na kuzuia kote kwa pamoja, goti likiwa linapoa huku ute wa tumbo ukipungua. Kwa maelezo hayo mtu anaweza kuelewa karibu kila onyo linalofuata, na anaweza pia kuelewa kwa nini imani moja iliyoenea si sahihi. Wapo wanaoomba sindano ya diklofenaki wakiamini kwamba kwa kuwa haipiti mdomoni, tumbo litasalimika. Sindano hiyo hufika tumboni kwa njia ya damu na kuzuia ute uleule. Kidonge chenye gamba gumu la nje kinachoyeyukia kwenye utumbo nacho hakiondoi hatari hiyo.

Tanzania ya miaka ya 1970 ilikuwa inajenga zahanati vijijini kwa kasi ambayo nchi nyingi maskini hazikuithubutu. Lakini wauzaji wa dawa nao walikuwa na mipango yao. Daktari Mwingereza John Yudkin, aliyefanya kazi Dar es Salaam, alichapisha mwaka 1978 katika jarida la The Lancet maelezo ya jinsi biashara hiyo ilivyoendeshwa nchini. Mawakala wa kampuni za dawa walikuwa karibu mmoja kwa kila madaktari wanne. Alionyesha pia kwamba amidopirini na dipironi, dawa za maumivu zilizokwisha kuwekewa vizuizi vikali katika nchi tajiri kwa sababu zinaweza kuangamiza chembe nyeupe za damu, zilitangazwa kwa madaktari wa Afrika kuwa zinafaa kwa maumivu ya kawaida. Kidonge kilekile, kampuni zilezile. Onyo lililochapishwa Ulaya halikusafiri pamoja na sanduku. Inauma kusoma hilo hata leo.

Mwaka huo wa Yudkin kuchapisha, Bunge lilikuwa na sheria mpya ya dawa na sumu, na mwaka mmoja kabla yake Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, aspirini ikiwemo. Kuanzia 1983 na 1984, kwa fedha za Denmark na usimamizi wa UNICEF, zahanati za Tanzania zilianza kupokea masanduku ya dawa yaliyofungwa na kupigwa lakiri. Mganga wa zahanati alifungua sanduku, akahesabu vidonge, akaandika kwenye daftari. Dawa za maumivu zikafika kijijini zikiwa mikononi mwa mtu aliyefundishwa, ingawa sanduku mara nyingi liliisha kabla ya mwezi kuisha.

Pale sanduku lilipoisha, duka lilianza. Mwaka 1991 huduma binafsi za tiba ziliruhusiwa tena, na maduka ya dawa baridi yakaongezeka kila penye gulio na kituo cha basi. Kufikia 2001 yalihesabiwa zaidi ya 4,600 Tanzania Bara, wakati famasi zenye mfamasia zilikuwa mia chache tu, nyingi zikiwa Dar es Salaam. Kisheria maduka hayo yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti. Kiuhalisia yaliuza alichoomba mteja. Ndipo mwaka 2003 mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulipoanza mkoani Ruvuma: mmiliki anakaguliwa, muuzaji anapewa mafunzo ya takriban wiki tano, na duka linaruhusiwa kuwa na dawa kadhaa za cheti kwa masharti. Mwaka huohuo ilianzishwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, ambayo tangu Julai 2019 ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na Sheria ya Famasi ya 2011 ikaliweka Baraza la Famasi kuwa msimamizi wa maduka na wataalamu. Mpango ulienea hadi mikoa mingine. Ni hatua kubwa, na wanaoubeza hawakumbuki hali ilivyokuwa.

Mwaka mmoja baada ya Ruvuma, dunia ilipata mshtuko. Kampuni ya Merck ilikuwa imeingiza sokoni mwaka 1999 dawa ya Vioxx, iliyobuniwa makusudi ili ipoze viungo bila kugusa tumbo. Tarehe 30 Septemba 2004 iliiondoa duniani kote, baada ya utafiti kuonyesha kwamba watumiaji wake walipata shambulio la moyo na kiharusi zaidi ya wasioitumia. Wachunguzi wakageukia dawa za zamani. Mwaka 2013 uchambuzi mkubwa katika The Lancet, uliokusanya majaribio mengi pamoja, ulionyesha kwamba kwa kila watu 1,000 wanaomeza diklofenaki kwa kipimo kikubwa mwaka mzima, watatu zaidi hupata tukio zito la moyo au mishipa, na mmoja wao hufa. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Ulaya iliiwekea diklofenaki masharti yaleyale ya jamii ya Vioxx: isipewe mwenye ugonjwa wa moyo, wala aliyewahi kupata kiharusi.

Watatu kwa elfu wataonekana wachache kwa kijana mwenye afya anayemeza vidonge vya siku tatu, na kwake kweli hatari ni ndogo. Hesabu inabadilika kwa mzee mwenye presha isiyotibiwa anayemeza kila siku tangu palizi hadi mavuno. Dawa hizi hupandisha presha, hushikilia chumvi na maji mwilini, na hudhoofisha kazi ya vidonge vingi vya presha. Mwenye kutumia vidonge vya presha vya jamii ya kaptopurili au enalapurili pamoja na vile vya kukojoza, akiongeza diklofenaki juu yake, anaziweka figo zake hatarini kwa wakati mmoja kutoka pande tatu.

Kuhusu figo, ushahidi wa kutisha kuliko wote ulitoka kwa ndege. Miaka ya 1990 tumbusi wa India na Pakistan walianza kufa kwa maelfu, na jamii tatu zao zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95. Mwaka 2004 watafiti walitangaza chanzo: mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki. Kiasi kidogo kilichobaki kwenye nyama kiliua figo za tumbusi ndani ya siku chache. India, Pakistan na Nepal zilipiga marufuku diklofenaki ya mifugo mwaka 2006. Simiyu inapakana na Serengeti na ndani yake limo Pori la Akiba la Maswa, na mfugaji wa Itilima anayemdunga ng'ombe dawa ya binadamu kwa sababu mchechemeo haupoi anapaswa kujua habari hiyo. Figo za binadamu ni imara mara nyingi zaidi ya za tumbusi. Lakini nazo huchoka, hasa kwa mtu anayelima juani tangu alfajiri bila maji ya kutosha, au anayeharisha na kutapika, kisha akameza vidonge juu ya hali hiyo.

Kanda ya Ziwa ina sababu zake za ziada za kuwa makini. Kichocho cha mkojo kimeishi kwa vizazi kwenye mabwawa na madimbwi ya Usukuma, na kwa walioambukizwa mara nyingi bila tiba kinaweza kuharibu kibofu na njia ya mkojo mpaka figo. Kichocho cha tumbo, kilichoenea karibu na ziwa, huumiza ini na kuvimbisha mishipa ya koo la chakula. Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walipochunguza waliotapika damu, mishipa hiyo iliyopasuka ndiyo iliyoongoza, ikifuatiwa na vidonda vya tumbo. Dawa za maumivu hupunguza uwezo wa damu kuganda, kwa hiyo anayevuja kidogo anaweza kuvuja sana.

Hata hivyo zisitwishwe mzigo usio wao. Taarifa ya Bugando iliyochapishwa mwaka 2011, kuhusu wagonjwa 84 waliopasuliwa kwa sababu ya vidonda vilivyotoboa tumbo, ilionyesha kwamba karibu mmoja kati ya kumi ndiye aliyetaja kutumia dawa hizi. Pombe na sigara zilitajwa na wengi zaidi. Kuna pia bakteria wa vidonda vya tumbo, ambaye Robin Warren na Barry Marshall wa Australia walimgundua mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambaye ameenea sana Afrika Mashariki. Mwenye bakteria huyo anayemeza diklofenaki mara kwa mara ana hatari kubwa kuliko mwenye kimoja tu kati ya hivyo viwili.

Tena kuna selimundu, au siko seli kama wengi wanavyoiita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliotumia sampuli za damu za watoto wachanga zaidi ya 17,000 kutoka kaskazini magharibi mwa Tanzania zilizofika maabara ya Bugando, ulikuta mtoto mmoja kati ya watano ana chembe ya urithi na asilimia 1.2 wana ugonjwa wenyewe. Maumivu ya selimundu ni makali kupita maelezo, na ibuprofeni au diklofenaki humsaidia mgonjwa. Lakini ugonjwa huohuo hula figo taratibu, kwa hiyo dozi yake inapaswa kupangwa na kliniki na figo kupimwa.

Duka la dawa la kijijini lina kopo la vidonge 1,000, kijiko cha plastiki cha kuhesabia na rundo la vibahasha vidogo. Muuzaji anahesabu sita, anaviingiza kwenye kibahasha, anaandika juu yake kwa kalamu "1x3", yaani kimoja kutwa mara tatu. Mara nyingi huishia hapo. Jina la dawa halipo, nguvu yake haipo, tarehe haipo. Wiki ijayo mama huyohuyo anaumwa kichwa, anakwenda duka jingine, anapewa kibahasha kingine cha "1x3", naye hana njia ya kujua kwamba ndani yake mna diklofenaki ileile, pengine imechanganywa na parasetamo kwenye kidonge kimoja, wakati nyumbani bado ana parasetamo anayoimeza kwa ajili ya homa.

Muuzaji aliyefundwa anauliza kabla hajafungua kopo. "Mayu (mama), tumbo huwa linakusumbua? Una presha? Kuna dawa nyingine unameza?" Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa anauliza kwa staha kama ni mjamzito, kwa sababu mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba kuanzia wiki ya 20 dawa hizi zinaweza kudhuru figo za mtoto tumboni na kupunguza maji yanayomzunguka, na katika miezi mitatu ya mwisho zinaweza kuufunga mapema mshipa unaomsaidia kupitisha damu. Aspirini ya kipimo kidogo ambayo daktari humwandikia mjamzito aliye hatarini kupata kifafa cha mimba ni jambo tofauti, wala asiiache mwenyewe. Maswali hayo yanachukua dakika moja.

Majibu yakiwa salama, kipimo kidogo kinachotosha kwa siku chache zinazotosha ndicho kinachotakiwa. Kwa mtu mzima asiye na cheti, ibuprofeni ya miligramu 200 au 400 baada ya kula, isizidi jumla ya 1,200 kwa siku. Diklofenaki isizidi 150, na hiyo kwa maelekezo ya mtaalamu. Mbili za ukoo huu hazichanganywi. Mwenye pumu iliyowahi kuamshwa na aspirini asiguse yoyote kati yake. Watoto na vijana chini ya miaka 16 hawapewi aspirini kwa homa, kwa sababu ya ugonjwa adimu wa ini na ubongo ambao daktari Douglas Reye wa Australia aliueleza mwaka 1963. Parasetamo, isiyo ya ukoo huu, ndiyo huanza kwa maumivu mengi ya kawaida, lakini nayo ina mpaka: vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24, zaidi ya hapo ini linaweza kuungua.

Homa ni jambo la kuangaliwa peke yake. Malaria hupimwa, haifunikwi. Na Dar es Salaam ilipovamiwa na homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, wagonjwa walishauriwa waache aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, kwa kuwa dengi huangusha chembe zinazogandisha damu. Basi kutoka Dar es Salaam hufika Bariadi kila siku.

Aliyekwisha meza na akaona kinyesi cheusi kama lami chenye harufu kali, au akatapika damu au kitu kinachofanana na machicha ya kahawa, anahitaji hospitali saa hiyo, hata kama tumbo haliumi, maana dawa hizi huweza kulinyamazisha tumbo linalovuja. Kadhalika mkojo uliopungua ghafla, uso au miguu kuvimba, kifua kubana, mdomo kupinda upande. Madhara yakitokea, mhudumu wa afya ana fomu ya njano ya kuyaripoti TMDA. Tanzania imo katika mtandao wa dunia wa kufuatilia madhara ya dawa tangu 1993, lakini ripoti zinategemea mtu mmoja kwenye zahanati kuamua kuandika.

Halafu wapo ambao mgongo wao hautulii miezi miwili, mitatu, na wanaongeza vidonge kila wiki. Kwa mkoa wa wafugaji kama Simiyu, nyuma ya mgongo huo huweza kuwa na bruselosi, inayopatikana kwa kunywa maziwa mabichi au kumzalisha ng'ombe aliyetupa mimba kwa mikono mitupu. Huja na homa ya vipindi, jasho la usiku, viungo kuuma na uchovu usioelezeka, na diklofenaki huifunika vizuri sana. Kifua kikuu cha uti wa mgongo nacho hujificha hivyohivyo, mpaka pingili zinapobonyea na miguu kupoteza nguvu. Vyote viwili vina tiba. Bruselosi hutambuliwa kwa kipimo cha damu na hutibiwa kwa antibiotiki mbili kwa pamoja, kwa muda wa wiki sita au zaidi. Kifua kikuu cha mifupa huchukua miezi mingi zaidi, na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali.